Siku nne kutoka Sarnath hadi Nalanda: namna ya kuipanga safari isikwame

Watu wetu wengi hufika India kwa shughuli nyingine: masomo, matibabu ya mzazi, au kufuata mzigo wa duka. Katikati ya shughuli hiyo zinapatikana siku nne, na mtu anasema ngoja nikaone alikopita Buddha. Nimewasaidia wengi kupanga safari hiyo, na wanaorudi na malalamiko hulalamikia mambo yale yale. Walifika Sarnath siku ya Ijumaa wakakuta makumbusho yamefungwa. Walikuwa na tiketi mkononi lakini kwenye behewa hawakuwa na nafasi. Walifika stesheni siku nzima baada ya treni kuondoka. Walizuiwa getini kwa sababu ya simu.

Yote hayo yanazuilika ukiwa bado nyumbani. Mwongozo huu ni wa njia moja tu: Varanasi na Sarnath, kisha Bodh Gaya, Rajgir, Nalanda, na kutokea Patna. Hakuna siku unayorudi ulikotoka, na ndiyo sababu njia hii inatosha siku nne.

Usiongeze Lumbini wala Kushinagar. Lumbini, alikozaliwa Buddha, iko ng'ambo ya mpaka, nchini Nepal, na viza ya mtandaoni ya India haikubaliwi katika kila mpaka wa nchi kavu unapotaka kurudi. Kushinagar, alikofia, nayo itakula siku nzima barabarani. Hizo zipangie safari nyingine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti halisi na nakala mbili. Hoteli inayompokea mgeni wa nje inalazimika kupeleka taarifa zake serikalini. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi.
- Cheti cha homa ya manjano, kama unaingia India ukitokea Kenya, Uganda au Kongo. Chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kufika. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, yaani safari yote imekwisha. Mtanzania naye abebe, kwa sababu ndege nyingi hupitia Nairobi au Addis Ababa.
- Rupia taslimu, noti ndogo ndogo. India nzima inalipa kwa simu, ila malipo hayo kwa kawaida hufungwa kwenye laini na benki ya huko. Dereva wa bajaji hatakuwa na chenji ya noti ya 500.
- Soksi nene jozi mbili. Utavua viatu kila mahali, na sakafu ya marumaru huunguza mchana na kuganda alfajiri.
- Kanga au shali kubwa. Inafunika mabega hekaluni, unaikalia kwenye nyasi, unajifunika nayo ndani ya treni.
- Saa ya mkononi, kalamu na karatasi. Kuna mahali utaacha simu kwa saa kadhaa, na bila saa utakosa gari lako.
- Kufuli na mnyororo mwembamba, wa kufungia begi chini ya kitanda cha treni.

Mvinyo na pombe ya aina yoyote viache. Jimbo la Bihar limepiga marufuku pombe tangu Aprili 2016, na sheria haibagui mgeni. Varanasi iko jimbo jingine, Uttar Pradesh, ambako pombe inauzwa. Chupa iliyonunuliwa huko kwa halali inakuwa kosa la jinai mara treni ikivuka mpaka wa majimbo, na mpaka huo hutauona.

## Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha chagua siku ya juma

Miezi mizuri ni Novemba, na kuanzia Februari hadi katikati ya Machi. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, na magofu hayana kivuli. Juni hadi Septemba ni mvua.

Desemba na Januari vinawadanganya wengi kwa sababu hewa ni baridi na anga la mchana linapendeza. Lakini huo ndio msimu wa ukungu katika bonde la mto Ganga. Treni hucheleweshwa kwa saa nyingi, na mpango wa siku nne hauna nafasi ya kupoteza nusu siku. Tena miezi hiyo Bodh Gaya hupokea mikusanyiko mikubwa ya Wabudha wa Kitibeti, na vyumba hujaa mapema. Angalia pia kipindi cha Pitru Paksha, kati ya Septemba na Oktoba, ambapo Wahindu kwa maelfu huenda Gaya kuwafanyia ibada wazazi waliokufa. Kupata nafasi ya treni ya Gaya wakati huo ni shida kubwa.

Ukishapata mwezi, nenda kwenye siku. Makumbusho ya Sarnath na ya Nalanda hufungwa Ijumaa. Mimi humwambia kila mtu aanze Jumamosi:

- Jumamosi: Sarnath, kulala Varanasi
- Jumapili: treni hadi Gaya, jioni Bodh Gaya
- Jumatatu: alfajiri hekaluni, mchana kwenda Rajgir
- Jumanne: Nalanda asubuhi, Patna jioni

Ukilazimika kuanza siku nyingine, hakikisha Ijumaa inaangukia siku ya Bodh Gaya. Hekalu la huko, Mahabodhi, halina siku ya kufungwa.

## Hatua ya 2: Kata tiketi ya treni, na uisome

Hapa ndipo wanapoanguka wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tafuta kwanza stesheni sahihi. Ukiandika "Varanasi" peke yake utaona treni chache za kwenda Gaya, ukadhani zimejaa. Treni nyingi za njia kuu ya Delhi na Kolkata hazipiti Varanasi mjini. Hupita stesheni kubwa iliyo kilomita 17 hivi kutoka hapo, Pandit Deen Dayal Upadhyaya, kifupi chake DDU. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2018. Kabla yake iliitwa Mughalsarai, na madereva wengi bado wanaita hivyo. Tafuta DDU kwenda GAYA na utapata treni nyingi. Ni kilomita 200 na ushei, saa mbili na nusu hadi tatu kwa treni ya kasi.

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Kata mapema, behewa la AC la vitanda vitatu (3A) linatosha kabisa. Akaunti ya kukatia tiketi ifungue wiki mbili kabla, kwa sababu kuhakiki namba ya simu ya nje kunaweza kukuzungusha.

Kisha soma herufi zilizo mbele ya jina lako:

- CNF: una nafasi yako, na namba ya behewa na kitanda imeandikwa.
- RAC: unaruhusiwa kupanda, lakini mtagawana kitanda kimoja wawili, mkikaa. Kwa saa tatu inavumilika.
- WL: uko kwenye foleni. Huna nafasi.

Tiketi ya WL ina jina lako, namba ya treni na risiti ya malipo, kwa hiyo inafanana sana na tiketi ya kweli. Mwaka wangu wa kwanza wakala mmoja aliniuzia WL akaniambia "itathibitika tu". Haikuthibitika. Tiketi ya mtandaoni inayobaki WL orodha ya mwisho inapotoka hufutwa yenyewe na pesa hurudishwa, na wewe hauruhusiwi kupanda behewa la watu waliokata nafasi. Nilikaa kwenye benchi la stesheni hadi jioni nikisubiri basi. Tangu hapo sipangi hoteli ya Bodh Gaya mpaka nimeona CNF.

Onyo kuhusu saa. Reli ya India hutumia saa 24, na siku yake huanza usiku wa manane. Treni iliyoandikwa 00:40 tarehe 15 huondoka saa 6:40 ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukienda stesheni tarehe 15 baada ya chakula cha jioni, treni yako imeshaondoka tangu jana usiku. Wazee wa pwani wanaosema usiku wa Jumapili unatangulia mchana wa Jumapili wangeisoma tiketi hii bila kukosea. Andika kwenye karatasi kwa maneno yako mwenyewe: "Natoka hotelini Jumamosi saa 4 usiku." Hiyo ndiyo saa ya kuifuata.

Kwa siku nne hizi chagua treni ya asubuhi. Hatua hii imekamilika ukiwa na CNF, namba ya behewa, na saa ya kutoka hotelini iliyoandikwa kwa Kiswahili.

## Hatua ya 3: Malazi na gari

Unahitaji vyumba vitatu: Varanasi, Bodh Gaya, Rajgir. Kabla ya kulipa, uliza swali moja kwa ujumbe: "Mnapokea wageni wenye pasipoti ya nje?" Nyumba nyingi za bei nafuu hazipokei, kwa sababu hazitaki shughuli ya kuwaandikisha, na utaambiwa hivyo saa 4 usiku ukiwa na begi mgongoni. Jibu la "ndiyo" lihifadhi.

Bodh Gaya, tafuta chumba unachoweza kutoka kwa miguu hadi hekaluni ndani ya dakika kumi. Utatembea huko saa 11 alfajiri, na bajaji saa hizo ni chache.

Gari moja tu ndilo la kukodi: Bodh Gaya hadi Rajgir siku ya tatu, kisha Rajgir, Nalanda na Patna siku ya nne. Mabasi yapo, lakini yatakuibia saa za jua, na saa za jua ndizo ulizokuja nazo chache. Mkubaliane bei ya gari zima, iwe na mafuta, ushuru wa barabara, maegesho, malazi ya dereva, na gari kurudi tupu. Ziandikwe zote kwenye ujumbe mmoja. Neno "bei ni hiyo tu" lililosemwa kwa mdomo ndilo linalozaa ugomvi Patna.

## Hatua ya 4: Jumamosi, Sarnath

Sarnath ni kilomita 10 hivi kutoka Varanasi. Bajaji inatosha. Ndiko Buddha alikohubiri mara ya kwanza, mbele ya wasikilizaji watano.

Anza na makumbusho, yanayofunguliwa saa 3 asubuhi, kabla ya makundi ya mabasi. Nenda moja kwa moja kwenye kichwa cha nguzo ya mfalme Ashoka: simba wanne waliopeana migongo, wamechongwa kwa jiwe la mchanga lililosuguliwa hadi likang'aa kama limepakwa mafuta. Lina zaidi ya miaka 2,200. India ililifanya nembo ya taifa mwaka 1950. Toa noti ya rupia mfukoni utaiona. Kisha tazama chini ya miguu ya simba: kuna ukanda wenye tembo, farasi, fahali na simba wakitembea, na magurudumu katikati yao. Kwenye noti huwezi kuwaona vizuri.

Baadaye ingia kwenye magofu. Stupa ya Dhamek ina upana wa mita 28, ni mnara mnene wa matofali na mawe usio na mlango. Wageni huizunguka wakitafuta pa kuingilia. Hakuna. Haiingiwi, huzungukwa, na namna yake ni moja: iwe mkono wako wa kulia wakati wote. Ukiona watawa wanakuja wakikukabili, wewe ndiye uliyekosea upande. Geuka taratibu, hakuna atakayekugombeza.

Saa nne zinatosha Sarnath nzima. Rudi Varanasi mapema ulale.

## Hatua ya 5: Jumapili, Gaya siyo Bodh Gaya

Unashuka treni Gaya. Huo ni mji mwingine, wenye kelele na mahekalu yake ya Kihindu. Bodh Gaya iko zaidi ya kilomita 10 kusini. Watu wamewahi kulipia hoteli Gaya wakidhani ni pale pale, wakaikosa alfajiri yote.

Nje ya stesheni bajaji zitakuzingira. Pita kundi la kwanza, tembea hadi nje ya uzio, kisha patana.

Mchana pumzika. Jioni tembelea mahekalu ya mataifa: Thailand, Bhutan, Japani, kila moja limejengwa kwa mtindo wa kwao. Ukivuka mto kwenda upande wa kijiji cha Sujata, unaweza kukutana na vijana wakarimu watakaokupeleka kuona "shule" na kukuomba mchango papo hapo. Ukitaka kutoa, toa mahali ulipopachunguza mwenyewe, siyo ulipopelekwa na mtu uliyekutana naye dakika tano zilizopita.

Kabla ya kulala nenda hadi geti la Mahabodhi bila kuingia. Angalia makabati ya simu yako wapi, viatu vinaachwa wapi, foleni ya ukaguzi inaanzia wapi. Dakika kumi hizo zitakuokolea nusu saa kesho gizani.

## Hatua ya 6: Jumatatu alfajiri, Mahabodhi

Hekalu hufunguliwa saa 11 alfajiri na kuingia ni bure. Simu haziruhusiwi. Mahali hapa palilipuliwa kwa mabomu Julai 2013, na ukaguzi tangu hapo hauna mzaha. Usijaribu kuificha. Iache hotelini kabisa. Anayetaka picha aje na kamera ya kawaida na kuilipia kibali.

Vua viatu, vaa soksi, jifunike mabega. Ngazi zinashuka, kwa sababu hekalu liko chini kuliko mji, na mbele yako unasimama mnara wa takriban mita 50.

Usikimbilie ndani. Zunguka nyuma, upande wa magharibi. Hapo ndipo penye mti wa Bodhi, mjukuu wa ule wa asili ambao chini yake Buddha alipata nuru, wa ukoo mmoja na mkuyu wetu. Kati ya mti na ukuta kuna bamba la jiwe linaloashiria mahali alipokaa Buddha. Tafuta nafasi pembeni, tandika kanga, kaa.

Februari niliyokwenda, marumaru ilikuwa baridi hadi ikapenya soksi. Mama mmoja wa Kitibeti, umri wa bibi yangu, alikuwa akisujudu juu ya ubao uliolainika kwa matumizi: anasimama, anapiga magoti, anateleza mbele kwa viganja vilivyovikwa vitambaa hadi amelala kifudifudi, anainuka. Ubao ulitoa sauti ile ile kila mara, kama mtu anayefagia uwanja. Nilimhesabu hadi mia moja na kitu, nikaacha. Jani moja likadondoka, lenye umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia, na watu wanne wakaliendea kwa haraka lakini bila kusukumana. Aliyelipata alimpa mtoto wa mwenzake.

Wasomaji Waislamu na Wakristo huniuliza kama watalazimishwa kufanya ibada. Hapana. Hakuna anayekutaka usujudu au uwashe ubani. Unachodaiwa ni adabu: sauti ya chini, usielekeze nyayo zako kwenye sanamu, usipite mbele ya anayesujudu, usichume jani mtini. Lililoanguka ni lako.

Jipe saa mbili na nusu. Ukijikuta umesahau kutazama saa, umefika vizuri. Lakini itazame, gari linakuja saa 4.

## Hatua ya 7: Jumatatu mchana, Rajgir

Ni kilomita 70 hadi 80, tenga saa mbili na nusu. Fika, weka mizigo, kula, kisha nenda mlimani kabla ya saa 9 alasiri.

Kuna lifti ya kamba inayopanda hadi stupa nyeupe ya amani iliyojengwa na Wajapani mwaka 1969. Kiti cha mtu mmoja, hakisimami, unakirukia kikipita. Aliye na goti bovu aulize kibanda cha watu kadhaa. Kabla ya kupanda, uliza saa ya mwisho ya kushuka, na uiandike.

Stupa itazame kwa dakika chache. Ulichokuja kukiona kiko chini kidogo: Griddhakuta, Kilele cha Tai, mwamba ambako Buddha alikuwa akifundisha. Njia ya kuteremka ni ya ngazi. Kilichopo ni msingi mdogo wa matofali na bonde lote mbele yako, na jua likianza kulala bonde hilo hugeuka rangi ya udongo. Nyani wapo, hivyo mfuko wa karanga usionekane. Shuka kabla ya giza, hata kama wenzako wanataka kubaki.

## Hatua ya 8: Jumanne, Nalanda na kutoka

Nalanda iko kilomita 12 hadi 15 kutoka Rajgir. Uwe getini saa 3 asubuhi. Tumia kiongozi mwenye kitambulisho rasmi. Mahali pengine pote katika safari hii unaweza kutembea peke yako, lakini hapa ukiwa huna mtu wa kukueleza utaona kuta nyekundu zinazofanana, utachoka ndani ya nusu saa.

Magofu haya ni ya chuo cha watawa wa Kibudha kilichodumu tangu karne ya 5 hadi karibu na karne ya 13. Xuanzang, mtawa wa Kichina, alisoma hapa katika karne ya 7. Kilichofukuliwa ni mabweni 11 ya watawa na mahekalu 6, mabweni upande mmoja, mahekalu upande wa pili. Mwambie kiongozi akuingize kwenye chumba kimoja na akuache humo. Utakuta kitanda cha matofali na kijishimo ukutani cha kuwekea taa au vitabu. Uani kuna kisima, na mfereji wa maji machafu ambao bado unaonyesha mteremko wake. Aliyewahi kulala bwenini ataelewa mara moja nani alikuwa akilala karibu na mlango.

Makumbusho yako ng'ambo ya barabara. Yape dakika arobaini.

Njiani, kati ya Rajgir na Nalanda, mwambie dereva asimame Silao. Ni mji mdogo unaojulikana kwa khaja, kitamu cha unga chenye matabaka membamba mengi, kikavu, kinachovunjika kikigusa ulimi. Nunua kwenye duka ambalo karai liko motoni, na uombe boksi gumu maana vipande huwa unga ndani ya begi.

Toka Nalanda saa 7 mchana. Patna ni kilomita 90, lakini barabara inapita katikati ya miji na masoko, kwa hiyo hesabu saa tatu na nyingine moja ya msongamano. Ndege iwe baada ya saa 2 usiku. Uwanjani India hutaruhusiwa kuingia ndani ya jengo bila kuonyesha pasipoti na tiketi mlangoni, hivyo weka chapa ya tiketi juu ya begi, siyo kwenye simu itakayokuwa imeishiwa chaji kwa picha za siku nzima. Boksi la khaja lipande nawe ndani ya ndege.